Kutafuta Kosa

Kila kazi ina jasho lake. Mkulima hutokwa na jasho shambani, mvuvi baharini, na mwashi juu ya ukuta. Kazi ninayotaka kukusimulia, msomaji wangu, hufanywa kivulini, mtu akiwa ameketi kitini, na chombo chake ni vidole vyake kumi. Lakini nayo ina jasho lake, na jasho hilo hutoka moyoni. Ni kazi ya kutunga programu, yaani kuiandikia kompyuta maagizo ya kufuata. Watu wengi hudhani kuwa mtunga programu hushinda akiandika maagizo mapya kutwa kucha. Ungekaa naye siku moja ungestaajabu. Sehemu kubwa ya siku yake huishia katika kutafuta sababu ya maagizo aliyoyaandika jana kukataa kufanya alichokusudia. Hutafuta kosa, na kosa lenyewe aghalabu ni lake mwenyewe.

Mimi si mtaalamu wa kazi hii. Nilisomea ualimu katika chuo cha walimu, na masomo ninayofundisha ni Kiswahili na Historia. Kompyuta, au tarakilishi kama tuiitavyo darasani, nilijifunza mwenyewe nyakati za jioni, kwa kitabu cha kuazima na kwa mashine kuukuu ya shule ambayo herufi yake ya K haikuandika mpaka ipigwe kwa nguvu. Lugha niliyojifunza huitwa Python. Iliundwa na Mholanzi mmoja, Guido van Rossum, na ilitolewa kwa watu mara ya kwanza mwaka 1991. Ni lugha ambayo mtu asiye na elimu kubwa ya hesabu aweza kuianza leo na kesho akafanya nayo jambo dogo la manufaa. Nami nilifanya jambo dogo la manufaa, nikajivuna. Na habari ya majivuno hayo ndiyo ninayotaka uisikie kwanza.

Mwaka 2018 nilikuwa katika shule moja ya kutwa. Kila katikati ya muhula tulikuwa na mtihani, na baada ya mtihani kila somo lilitolewa orodha yake ya nafasi, ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo. Orodha ilionyesha jina na nafasi tu; alama zenyewe mwanafunzi aliziona aliporudishiwa karatasi yake. Kuzipanga orodha hizo kwa mkono kuliwachukua walimu siku mbili au tatu, kalamu mkononi na lawama mdomoni. Nikatunga programu yenye mistari kama sitini. Karani alichapa alama katika faili, programu ikaisoma faili hiyo, ikapanga majina kutoka alama ya juu hadi ya chini, ikatoa orodha. Kazi ya siku tatu ikawa ya dakika tatu. Walimu wakanisifu. Kwa kuwa sifa ni tamu, nikaanza kuitaja programu ile kama mtu amtajavyo mwanawe aliyefaulu.

Mihula mitatu ilipita salama, au ndivyo nilivyoamini. Katika muhula wa nne mwalimu wa Hisabati alimkabidhi karani alama za kidato cha pili, kisha akaitwa kwao kwenye mazishi, na karatasi za mtihani zikabaki ndani ya kabati lake. Darasa lilikuwa na wanafunzi 43. Programu ikafanya kazi yake, na Ijumaa asubuhi orodha ikasomwa kwenye gwaride. Desturi yetu ilikuwa kwamba wa mwisho watano katika kila orodha waje na wazazi wao. Wa mwisho kabisa katika Hisabati, wa 43 kati ya 43, alikuwa binti mmoja mtulivu ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti.

Saa nne alisimama mlangoni mwa chumba cha walimu.

"Mwalimu, samahani," alisema. "Naomba unitazamie alama yangu ya Hisabati. Sidhani kama mimi ni wa mwisho."

Nilikuwa nikisahihisha insha. Nikamjibu bila kuinua uso: "Kompyuta haikosei, binti yangu. Wewe ndiwe uliyekosea. Mwambie mzazi wako aje Jumatatu."

"Asante, Mwalimu," akasema, akaenda zake.

Msomaji wangu, maneno yale mawili, kompyuta haikosei, nimeyajutia kuliko maneno mengi ya hasira niliyopata kuyasema maishani. Maana hasira hupoa, na aliyetukanwa hujua kwamba ametukanwa. Lakini mtoto aliyeambiwa kuwa mashine imempima ikamwona duni hana wa kumrudishia neno.

Jumatatu ni siku ya soko mahali pale. Mama yake aliacha mboga zake kwa jirani, akaja, mikono yake ikinukia dania na vitunguu. Nikamketisha kwenye benchi, nikamhutubia juu ya bidii na juu ya hatari ya uvivu. Alinisikiliza hadi mwisho kwa heshima. Kisha akasema:

"Mwalimu, mimi sikusoma sana. Lakini jioni mtoto huyu ndiye anayenihesabia pesa za soko, na hajanikosesha hata shilingi moja. Nionyeshe hiyo alama aliyopata."

Hakusema kwamba programu ina kosa. Hakusema kwamba mwalimu ni mwongo. Aliomba kuona. Nami nikaifungua faili ili nimwonyeshe, nikiwa na hakika kwamba ushahidi utamnyamazisha. Nikatafuta jina la binti yake, nikapitisha kidole hadi kwenye alama. Ilikuwa 100.

Kwanza nilimshuku karani: pengine alikusudia kuandika 10, kidole kikateleza. Nikampigia simu mwalimu wa Hisabati huko kwao. "Ni mia kweli," akasema. "Hakuacha hata hatua moja. Nilitaka kumpongeza mwenyewe nitakaporudi." Basi karani hakuwa na hatia. Nikaishuku mashine, lakini mashine ile ile ilikuwa imewapanga wengine vizuri. Watuhumiwa wakaisha mmoja mmoja mpaka nikabaki mimi. Nikamwomba mama yule radhi, nikamwahidi kwamba kesho yake nitamwomba radhi binti yake mbele ya shule nzima, naye akarudi sokoni. Lakini hata saa hiyo nilikuwa bado sijui kosa liko wapi. Na kuomba radhi kwa kosa usilolijua ni nusu ya toba, kwa sababu waweza kulirudia kesho.

Usiku ule ndipo nilipojifunza kazi hii. Kwa saa nzima niliitazama mistari yangu sitini, na kila mstari niliuona mwema, kama mzazi amwonavyo mtoto wake. Kutazama hakukunifaa kitu. Mwishowe nikaiweka kando faili ya wanafunzi 43, nikatengeneza faili ndogo yenye wanafunzi watatu wa kubuni na alama tatu: 45, 72 na 98. Programu ikanipa 98, 72, 45. Sawa kabisa. Nikabadili kitu kimoja tu: mahali pa 98 nikaweka 100. Programu ikanipa 72, 45, 100. Lo! Kosa lile lililojificha katika umati wa watu 43 sasa lilikuwa limesimama peke yake uwanjani, mimi nikilitazama nalo likinitazama. Nikaondoa 100, nikaweka 99. Mambo yakawa sawa tena. Basi tatizo halikuwa ukubwa wa alama, bali labda wingi wa tarakimu zake. Nikajaribu upande wa pili: nikaweka 9. Programu ikanipa 9, 72, 45. Tisa imeishinda sabini na mbili!

Hapo ndipo nilipokumbuka kamusi. Katika kamusi, neno "baba" hutangulia neno "ua", ingawa "ua" ni fupi. Hatuangalii urefu wa neno. Twaangalia herufi ya kwanza, na zikilingana twaangalia ya pili. Mashine yangu ilikuwa ikizipanga alama kama maneno ya kamusi. Kwake 100 lilikuwa neno linaloanza kwa 1, na kwa hiyo ni dogo kuliko 45 linaloanza kwa 4. Na 9 lilikuwa neno kubwa kuliko 72. Sababu ilikuwa nyepesi. Chombo nilichokitumia kusoma faili hukabidhi kila kitu kama maandishi, nami sikuwa nimeiambia programu kwamba maandishi haya ni hesabu. Kwa alama zenye tarakimu mbili mpango wa kamusi na mpango wa hesabu hulingana, na karibu alama zote zina tarakimu mbili. Kwa hiyo kosa lilikuwa limelala ndani ya programu tangu siku ya kwanza, likimngoja mwanafunzi wa kwanza atakayepata mia. Lilimngoja aliye bora kuliko wote ili limweke chini ya wote.

Dawa yake ilikuwa neno moja la herufi tatu, int, na mabano mawili. Nililiandika, nikajaribu kwa 9, kwa 72 na kwa 100, nikaenda kulala alfajiri.

Asubuhi nilisimama kwenye gwaride nikasema kosa lilikuwa langu, nikaeleza lilivyokuwa, nikasoma orodha sahihi. Wanafunzi walimpigia binti yule makofi. Nilidhani jambo limekwisha. Mchana alinijia tena mlangoni, mtulivu kama siku ile ya kwanza, akaniuliza swali ambalo mimi mwalimu sikuwa nimejiuliza: "Mwalimu, na orodha za mihula iliyopita?"

Nikaketi kuzipitia zote. Hapakuwa na mia nyingine. Lakini katika orodha moja ya Kemia, muhula uliotangulia, palikuwa na nane. Mvulana aliyepata alama 8 kati ya 100 alikuwa amepangwa juu ya kila aliyepata 79 au chini yake, akawa wa sita darasani. Nilikumbuka kwamba tulimtaja kwenye gwaride kwa kujitahidi. Nikamwita, nikamwuliza kama alijua. "Nilijua niliporudishiwa karatasi, Mwalimu," akasema akiangalia chini. "Niliogopa kusema." Miezi kadhaa ilikuwa imepita, na hakuna mwalimu aliyemsaidia katika Kemia, kwa kuwa nani amsaidie wa sita?

Tafakari jambo hili, msomaji wangu, maana ndilo kiini cha insha hii. Kosa lile lile liliwadhuru watoto wawili: mmoja kwa kumshusha, mwingine kwa kumpandisha. Aliyeshushwa alikuja kubisha mlangoni, aliyepandishwa alinyamaza. Hivyo ndivyo makosa ya hesabu za watu yalivyo. Makosa yanayotuumiza huja yenyewe na kulalamika. Makosa yanayotupendeza hayaji, sharti tuyaendee. Mtunga programu angojaye mpaka watu walalamike ataona nusu tu ya makosa yake, na huenda ile nusu nyingine ndiyo mbaya zaidi.

Tangu siku hizo niliweka daftari. Kila kosa ninalolipata naliandika humo: lilionekanaje, nililishuku nini kwanza, lilikuwa nini hasa, na nililitengeneza vipi. Safu ile ya pili ndiyo inayonifundisha unyenyekevu, kwa kuwa mara nyingi nilichokishuku kwanza sicho. Niruhusu nikusomee kurasa chache.

Ukurasa wa kwanza ni wa mwanafunzi aliyekuwa watu wawili. Orodha ya karo ilionyesha kwamba darasa moja lina mtu mmoja zaidi ya wale walioketi madawatini. Jina lilikuwa mojawapo ya majina yetu yenye king'ong'o, kama vile Ng'ang'a, nalo lilitokea mara mbili: mara moja likiwa limelipiwa karo, mara moja likiwa lina deni, na mwenye jina alikuwa karibu kurudishwa nyumbani. Kwa macho majina yale yalifanana kama shilingi kwa shilingi. Nikaiamuru kompyuta initolee nambari ya kila herufi, kwa sababu ndani ya kompyuta kila herufi na kila alama ina nambari yake. Hapo siri ikafichuka. Ile alama ndogo inayofuata ng ina maumbo mawili. Moja imesimama wima, na nambari yake ni 39. Nyingine imepinda kidogo, na nambari yake ni 8217. Karani alipochapa kwa kibodi ya afisi ilitoka ya kwanza. Jina lilipoletwa kutoka katika hati iliyoandikwa kwa simu ilikuja ya pili. Kwetu sisi ni alama moja. Kwa mashine ni vitu viwili, kama A na B. Nimefundisha ng'ombe na ng'ambo miaka mingi bila kujua hayo. Siku hizi programu yangu hugeuza alama zote hizo kuwa ya wima kabla ya kulinganisha majina, na huondoa pia nafasi tupu zilizoachwa mwishoni mwa jina, maana hizo nazo hazionekani kwa macho lakini mashine huzihesabu.

Ukurasa mwingine ni wa simu za wazazi. Tuliziweka katika programu ya majedwali, na kesho yake tukakuta kila nambari imepoteza sifuri yake ya mbele. Hakuna aliyeifuta. Programu ile iliona tarakimu, ikadhani ni hesabu, na katika hesabu sifuri ya mbele haina kazi. Angalia jinsi kosa hili lilivyo kinyume cha lile la kwanza. Kwanza hesabu ilichukuliwa kuwa maandishi. Sasa maandishi yamechukuliwa kuwa hesabu. Nambari ya simu, ijapokuwa huitwa nambari, si kitu cha kujumlisha wala kutoa. Ni jina lililoandikwa kwa tarakimu. Nilijifunza kuiuliza kila safu ya jedwali, kabla ya kuijaza: wewe ni hesabu, au ni jina?

Ukurasa wa tatu si wa kosa bali wa jaribio. Kila Jumamosi mimi hujipa nusu saa ya kuiuliza mashine maswali madogo, kama mtoto aulizavyo. Siku moja niliiambia ijumlishe 0.1 na 0.2. Ikanijibu 0.30000000000000004. Nilicheka peke yangu. Lakini sababu ipo. Wajua kwamba theluthi moja haiandikiki kamili kwa desimali, twaandika 0.333 na kuendelea bila mwisho. Kompyuta huhesabu kwa misingi ya mbili, kwa tarakimu 0 na 1 tu, na katika hesabu ya namna hiyo sehemu moja ya kumi nayo haiandikiki kamili. Hukatwa mahali, na vipande vilivyokatwa huonekana mwishoni. Kwa hiyo atunzaye hesabu za fedha hushauriwa azihesabu kwa senti nzima nzima, badala ya sehemu za shilingi.

Jumamosi nyingine niliiuliza wastani wa 64.5 ukifanywa nambari nzima utakuwa ngapi. Darasani tumezoea kusema 65, na programu ya majedwali nayo husema 65. Python ya toleo la 3 ilisema 64. Nikajaribu 63.5, nayo pia ikasema 64. Haikuwa imekosea. Sheria yake ni kwamba nambari iliyo katikati kabisa hupelekwa kwenye shufwa iliyo karibu, ili katika hesabu nyingi zisizidi kupanda wala kushuka. Mashine mbili, zote timamu, na majibu mawili. Na kati ya majibu hayo yaweza kukaa gredi ya mtoto. Anayeamua sheria ipi ifuatwe ni mtu, na mtu huyo yampasa aitangaze sheria yake kabla ya mtihani.

Ukurasa wa nne ni wa furaha. Baada ya kuweka lile neno int, muhula uliofuata programu ilikwama katikati ya kazi, ikaandika ujumbe wa lawama na kukataa kuendelea. Mwanafunzi mmoja alikuwa mgonjwa siku ya mtihani, na mahali pa alama yake palikuwa patupu. Programu haikuweza kugeuza utupu kuwa hesabu. Zamani ningekasirika. Siku ile nilishukuru. Programu inayosimama na kusema "hapa sielewi" ni rafiki. Inayoendelea kwa uso mkavu na kutoa orodha ya uongo ni adui. Nakuomba uusome kila ujumbe wa lawama ambao kompyuta inakupa. Vijana wengi huufunga upesi kwa aibu, kama afichaye barua ya mkuu wa shule asiione baba yake, ilhali mara nyingi ujumbe huo umetaja hata nambari ya mstari wenye tatizo.

Huenda ukauliza: programu ikiwa na mistari elfu, na ujumbe usiwepo, nitaanzia wapi? Anzia katikati. Iamuru programu ikuonyeshe hali ya mambo inapofika mstari wa 500. Mambo yakiwa bado sawa, kosa limo katika nusu ya pili. Yakiwa yameharibika, limo katika nusu ya kwanza. Igawe tena nusu hiyo yenye kosa: 250, kisha 125, na kuendelea. Ukigawa mara 10 tu umefika kwenye mstari mmoja. Mwenye kusoma mstari kwa mstari tangu mwanzo aweza kuhitaji hatua elfu moja. Na katika kila hatua badilisha kitu kimoja tu. Ukibadilisha vitu vitatu pamoja na ugonjwa ukapona, hutajua ni dawa ipi iliyoponya; ukizidi, hutajua ni ipi iliyodhuru.

Usione haya kwamba unakosea. Kazi hii ilianza na makosa. Mwaka 1947, katika Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani, mafundi wa kompyuta kubwa iliyoitwa Mark II walimkuta nondo ndani ya mashine. Walimbandika katika kitabu chao cha kumbukumbu, na ukurasa huo umehifadhiwa katika jumba la makumbusho mjini Washington. Mwaka 1949 kompyuta iliyoitwa EDSAC ilianza kazi katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Kiongozi wake, Maurice Wilkes, alieleza baadaye kwamba mwaka huo, akiwa kwenye ngazi za jengo, alipambazukiwa ghafula na wazo kwamba sehemu kubwa ya maisha yake yaliyosalia itatumika kutafuta makosa katika programu zake mwenyewe. Alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza duniani kuifanya kazi hii, na jambo hilo alilijua mapema.

Wala usidhani kwamba wakubwa wameshinda makosa ambayo sisi wadogo tunahangaika nayo. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ulaya, Ariane 5, ilirushwa kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, Amerika ya Kusini. Sekunde zipatazo 40 baadaye ililipuka pamoja na setilaiti nne ilizozibeba. Sehemu ya programu yake ilichukuliwa kutoka katika roketi ya awali, Ariane 4, ambako ilikuwa imefanya kazi bila lawama. Lakini roketi mpya ilikuwa na mwendo mkubwa zaidi, na nambari ya mwendo ule ilizidi nafasi iliyotengewa, nafasi isiyoweza kubeba zaidi ya 32,767. Nilipoisoma habari hiyo niliikumbuka programu yangu. Ilikuwa imefanya kazi mihula mitatu, nami nikauita ukimya wake usalama. Nao walikuwa na chombo kilichofaa jana, wakadhani jana na leo ni siku moja.

Sasa ninalo neno la mwisho kwako, ewe mwanafunzi, hata kama hutatunga programu maishani mwako. Utaishi katika dunia ambayo mashine hupanga mambo mengi: nani apewe mkopo, nani aitwe kazini, nani awe wa kwanza na nani wa mwisho. Utakapoambiwa kwamba kompyuta haikosei, kumbuka kwamba nyuma ya kila kompyuta kuna mtu aliyeandika maagizo, pengine usiku, pengine akiwa amechoka, na pengine akijivuna kama mimi. Usiogope kubisha mlangoni kwa adabu na kusema kama mama yule wa sokoni: nionyeshe. Na hesabu ikikupandisha mahali usipostahili, bisha vilevile, ingawa ni vigumu zaidi.

Na ikiwa wewe ndiwe mwandishi wa maagizo, usiufunge mlango. Binti yule amekwisha kuacha shule yetu siku nyingi, nami nimehamia kwingine, lakini programu ile naitumia hata leo. Juu kabisa, kabla ya agizo la kwanza, nimeandika mstari unaoanza kwa alama ya reli, #, ambao mashine huuruka bila kuusoma. Ni mstari wangu mwenyewe, na nausoma kila ninapoifungua: "Je, umeijaribu kwa 8, na kwa 100, na kwa yule ambaye hakuja?"